Mungu wa Warumi Aliyesema Mara Moja

Louisville, Newburg
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mkubwa, Yaya Esperansi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa jina langu pia, ingawa langu halifungui mlango wowote. Mama anaendeleaje? Lile goti la kushoto limepungua uvimbe, au bado anadai ni baridi ya milimani iliyomfuata mpaka Uvira? Vidonge vya presha anameza, au anavificha chini ya godoro ili akuoneshe sura ya mgonjwa mtiifu? Na maji ya ziwa, yamerudi kwao, au bado yanawatembelea sokoni?

Sisi tuko. Wifi yako Furaha bado anafunga maboksi kule depo, anasimama saa kumi mfululizo, akirudi anavua viatu mlangoni na kuvitazama kama watu waliomkosea. Mtoto wetu Grasi ana miaka kumi na mitatu sasa. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, nikimsemesha Kiingereza anacheka, basi tunaishi kwa amani ya watu wasiosikilizana.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako ni redio ya nyumba nzima. Nikituma sauti, jirani ataisikia kabla yako. Mama Neema wa kanisani kwetu anakuja huko kumwona baba yake, amekubali kuibeba. Isome peke yako kwanza.

Jambo lenyewe ni hili. Ntaboba yuko hai. Ndiyo, yuleyule aliyechunga ng'ombe wa Baba miaka kumi na mitano, akilala kwenye kile kibanda cha pembeni ya zizi. Yuko Buffalo, mji wa kaskazini karibu na mpaka wa Kanada, na figo zake zimekufa. Nilikwenda kumwomba msamaha, naye akanirudisha kwako. Inahusu kifo cha mume wako, Shemeji Eliya. Utakaposoma mpaka mwisho utajua kwamba nakuomba msamaha na wewe, na sitakulaumu ukininyima.

Lakini sitaanza na hilo. Naanza na Warumi, kwa sababu ndio walionikamata.

Unajua ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Naosha watu, nawalisha, nawageuza kitandani. Kulikuwa na bibi mmoja, Bi Margareti, aliyefundisha Kilatini maisha yake yote. Macho yalikuwa yamekwisha, ulimi haujaguswa. Alipogundua kwamba mimi husoma hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa mpaka mwisho, akanifanya macho yake. Kila siku baada ya chakula cha mchana nikawa namsomea kurasa mbili tatu za vitabu vyake, upande wa Kiingereza, naye ananisahihisha kama mtoto wa shule. Ndivyo nilivyopata elimu yangu ya juu, Yaya, na bakuli la uji mkononi.

Siku moja akasema, "Samweli, leo tusome mungu aliyekuwa na kazi fupi kuliko wote."

Mungu huyo aliitwa Ayo Lokutio. Ukitaka tafsiri, ni kama kusema Msemaji Aliyesema. Ushahidi wake wote ukiukusanya haujazi kurasa nne za daftari, na najua kwa sababu niliunakili kwenye daftari la Grasi. Mashahidi ni wachache. Wa kwanza ni mwandishi wa historia. Anasema mtu mmoja wa kawaida, asiye mkubwa wala tajiri, alikuwa akipita usiku kwenye Barabara Mpya ya Roma akasikia sauti iliyozidi ya binadamu. Ikamwamuru akawaambie wakubwa kwamba Wagali, adui wa kutoka mbali, wanakuja. Akawaambia. Hawakujali, kwa sababu mbili: mleta habari alikuwa mtu wa chini, na hao Wagali walikuwa mbali hata hawajulikani. Wa pili ni Mgiriki. Yeye anaongeza kwamba sauti ilimwita yule mtu kwa jina, akageuka asione mtu, na kwamba wakubwa walipoelezwa walicheka. Wa tatu ni mwanasheria mwenye mdomo. Kwake mtu hayupo kabisa: sauti ilitoka kwenye msitu mtakatifu, ikasema tengenezeni kuta na malango. Nani aliisikia? Hasemi. Mahali pengine huyohuyo anamtania mungu mwenyewe, kwamba alipokuwa hajulikani alisema, lakini alipopewa jina na madhabahu akanyamaza. Wa nne alikuwa mkusanyaji wa mambo ya kale, naye anaeleza tu jina lilikotoka, na hata hayo tunayo kwa sababu mwingine aliyanakili.

Wagali wakaja. Mji ukaungua. Baadaye walionusurika wakajenga madhabahu pale sauti iliposikika, wapate kumtuliza mungu waliyempuuza.

Nikamuuliza Bi Margareti, "Na yule mtu walimpa nini?"

"Mtu gani?"

"Aliyesikia. Aliyechekwa."

Akaniamuru nirudi nyuma, nikasoma tena zote. Akalaza mikono juu ya blanketi. "Vitabu havisemi," akasema. "Miaka arobaini nimefundisha, hakuna mwanafunzi aliyeniuliza hilo."

"Labda sauti ni rahisi kuijengea," nikasema. "Haiji kuketi mezani kwako."

Akacheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Alikufa mwezi wa kwanza, asubuhi, kabla ya uji wake. Mpwa wake alikuja na maboksi akabeba vitabu bila kufungua hata kimoja.

Sasa sikia. Unaujua ushuhuda wangu. Umeusikia kwenye simu, umelia nao. Kwamba jioni nilikuwa nafunga zizi nikasikia sauti ikisema, "Samweli, chukua mama yako mkimbie," nami nikamchukua Mama na Furaha tukalala porini, na alfajiri wale wenye silaha wakaja wakamuua Baba na Shemeji Eliya. Niliutoa mara ya kwanza kambini Burundi, kwenye maombi, siku ambayo kila mtu alikuwa na ushuhuda na mimi sikuwa na kitu. Watu walisimama. Pasta alinishika kichwa. Kutoka hapo nikawa Samweli wa Sauti. Hapa Louisville, mwaka wa kumi sasa, kila mgeni akifika kanisani wananiita mbele. Mwezi wa pili vijana wa kwaya wakanipiga video, wakaiweka kwenye simu za watu.

Siku tatu baadaye nikapata ujumbe kwa namba nisiyoijua. "Mimi ni Solange, mtoto wa Ntaboba, tuko Buffalo. Baba ameona video. Anauliza: ile sauti ilikuwa inaita jina gani?"

Nilikuwa kwenye basi naenda kazini. Nilipitiliza vituo vitano.

Nikampigia mwanao Yoeli kule Columbus. Kwetu huendi kuomba msamaha mikono mitupu wala mdomo mtupu: unakwenda na maziwa na mtu wa kukusemea. Nikamwambia tu kwamba kuna mzee nilimkosea, nahitaji msemaji. Akakubali kabla sijamaliza. Anaishi karibu na chuo, chumba kimoja na Mkenya mmoja, anasoma mambo ya udongo. Amekonda, lakini ni kukonda kwa mtu anayesoma, usiogope. Ana sauti ya baba yake. Akisema "Mjomba" kwenye simu, kuna siku nakaa chini kwanza.

Tulipitia Northland, kwenye maduka ya Waafrika ya barabara ya Morse, kutafuta maziwa ya kuganda. Duka la Msomali lilikuwa na maziwa ya ngamia tu, kwenye chupa, yameganda barafu.

"Mjomba, mtu wa ng'ombe unamupelekea ngamia?" Yoeli akaniuliza.

"Miaka kumi na mitano alikamua ng'ombe wetu. Atapumzika."

Akacheka. Ndicho kicheko cha mwisho cha Yoeli nitakachokueleza kwenye safari hiyo.

Kutoka Columbus mpaka Buffalo ni mwendo wa saa tano kwa gari, na theluji ilikuwa inapiga kioo toka upande wa ziwa lao. Yoeli akaendesha. Baada ya saa mbili akauliza, "Bon, nitasema nini mbele ya mzee? Umemukosea nini?"

Nikamwambia. Na sasa nakuambia wewe.

Siku ile wewe na Yoeli mlikuwa Uvira hospitalini, kwa ajili ya mguu wake. Ntaboba alirudi na ng'ombe mapema sana, jua bado liko juu ya kichwa. Tulikuwa tunakula: Baba, Shemeji, Mama, Furaha na mimi. Akasimama mlangoni bila kuvua kofia. Akasema, "Mzee, nilisikia sauti kule mutoni. Imeniita jina. Imesema tuhame leo, kesho itakuwa mubaya. Nikageuka, hakuna mutu."

Baba akamuuliza amekunywa pombe ya nani. Shemeji akatazama nje, kama mtu anayetaka kuinuka aondoke. Nilimwona, Yaya. Mkono wake ulikuwa umeshaacha sahani. Ndipo mimi nikasema, "Mungu akitaka kusema na nyumba hii ataanza na Baba. Akimkosa Baba, atasema na ng'ombe. Wewe Ntaboba utakuwa wa tatu."

Wote wakacheka. Hata Mama. Shemeji naye akacheka, mkono ukarudi kwenye sahani.

Ntaboba alikwenda kibandani, akachukua blanketi na fimbo, akaondoka. Jioni wasiwasi ukaniingia. Nikaona aibu kusema namwamini mchunga ng'ombe, nikadanganya kwamba Furaha anaumwa tumbo, nikamchukua yeye na Mama kwenda kwa mkunga ng'ambo ya kilima. Tulilala huko. Ndiyo maana tuko hai. Hakuna sauti iliyonikuta nikifunga zizi. Kulikuwa na Ntaboba, na kulikuwa na nusu siku nzima, na mimi niliipoteza kwa mzaha mmoja.

Yoeli akapunguza mwendo wa gari. Kisha akauliza taratibu, "Donc, kumbe Papa alikuwa na muda?"

"Alikuwa nao."

"Na alitaka kuinuka?"

"Alitaka."

Akatoka kwenye barabara kuu, akasimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, akashuka bila koti. Nilimwona kupitia kioo amesimama karibu na pampu ya upepo, ameweka mikono kichwani. Nilifikiri nimshukie, nikaona sina uso wa kumshukia nao. Aliporudi nywele zake zilikuwa nyeupe kwa theluji. Akawasha gari. Hatukusemezana mpaka Buffalo, na sikutegemea tena kwamba atanisemea.

Ntaboba anaishi ghorofa ya pili kwenye nyumba ya mbao yenye ngazi za kelele. Solange alitufungulia. Mzee alikuwa kwenye kochi, amejifunika blanketi, mkono wa kushoto umefungwa bandeji pale wanapochoma sindano za mashine ya kusafisha damu. Mara tatu kwa wiki. Amekuwa mdogo, Yaya. Lakini macho ni yaleyale, ya mtu anayehesabu ng'ombe wako huku anakusalimia.

"Samweli," akasema. "Umenona. Sauti inakulisha muzuri."

Yoeli alisimama katikati ya chumba. Nilidhani atatoka. Akasema, "Mzee, nimemuleta mutu. Mimi si wakili wake. Alikucheka, alafu alikamata sauti yako akafanya yake. Amekuja kuomba. Mimi niko mutoto wa Eliya."

Mzee akamtazama muda mrefu. "Mutoto wa Eliya. Kuya nikuone."

Nikaweka ile chupa mezani. Solange akaichukua, akasoma, akanitazama. "Tonton Samweli, figo zake hazikubali maziwa. Daktari alikataza." Na mimi ndiye ninayeishi kwa kuwalisha wagonjwa! Nina wagonjwa wawili wa mashine hiyohiyo. Huwa naondoa maziwa kwenye sinia zao kwa mikono yangu. Siku niliyohitaji kuyajua, nilikuwa mwana wa milimani tu anayepeleka maziwa.

"Ni ya munyama gani?" mzee akauliza.

"Ngamia."

"Ngamia," akarudia, kama mtu anayeambiwa jina la ugonjwa. "Weka kule."

Nikapiga magoti. Nikasema yote, bila Kilatini. Halafu, kwa kuwa ujinga wangu hauna breki, nikamweleza na ya Warumi: kwamba zamani sana kulikuwa na mtu kama yeye aliyesikia sauti akapuuzwa, wakaijengea sauti madhabahu na mtu wakamsahau, na mimi nilifanya vilevile kanisani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ule mutu wa Roma, alikuwa tajiri?"

"Hapana. Mtu wa chini."

"Na sauti ilimwita jina, akageuka, hakuna mutu."

"Ndiyo."

"Ndiyo vile," akasema. Akacheka kidogo, bila furaha. "Samweli. Hakukuwa sauti."

"Haikuwako?" nikauliza.

"Kule mutoni nilikutana na mutoto wa shangazi yangu. Alikuwa pamoja na wale batu ya silaha, walimukamata kwa nguvu abebe mizigo. Alitoroka kidogo, akaniambia: kesho asubui, muhame. Sasa mi ningesema nini? Niseme jina yake? Baba yako angetuma batu wamutafute, wangemuua, ao wale wa silaha wangemuua. Niseme mi mwenyewe Ntaboba najua? Mungesikia?"

Nikatazama ile chupa ya maziwa.

"Mungesikia, Samweli?"

"Hapana."

"Bon. Nyinyi batu ya kanisa, nilifikiri mukisikia ni Mungu mutaogopa. Nikaazima Mungu." Akavuta blanketi. "Na yeye hamukumusikia, sababu alipita kwangu."

Yaya, miaka yote hii nimekuwa nikila kwa sauti niliyomwibia mtu, na yeye mwenyewe alikuwa ameitunga ili atuokoe bila kumuua ndugu yake. Nilimfikiria yule mtu wa Barabara Mpya. Sina ushahidi, na Bi Margareti angenigonga vidole kwa kusema hivi, lakini nadhani naye alikuwa na binamu mahali fulani. Wenye vitabu wote walibishana juu ya sauti. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anatoka wapi usiku ule.

Nikamwomba tena msamaha, safari hii nikilia. Akanizuia kwa ule mkono wenye bandeji.

"Mi nilipoteza kazi na kibanda. Nilipata tena kazi, nilipata nyumba, ona, iko na ngazi. Dada yako alipoteza bwana. Unaanza na mi sababu niko karibu na kufa? Ao sababu mi ni mudogo, ni rahisi?"

Nikafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Enda kwa Esperansi. Mwambie alikuwa na nusu siku. Yeye akisema kitu, mi nitasema cha kwangu."

Yoeli alibaki Buffalo siku mbili. Alimpeleka mzee kwenye mashine, akakaa naye saa nne zote. Mimi nilirudi kwa basi, nikabadilisha Columbus, nikafika Louisville asubuhi moja kwa moja kazini. Solange ananiandikia kwamba mzee anadhoofika, kwamba mara mbili amekataa kwenda kwenye mashine, na kwamba Yoeli humpigia kila Jumamosi wanaongea juu ya baba yake, vitu ambavyo sisi hatukuwahi kumwambia: kwamba Eliya alikuwa anaimba akikata majani, kwamba aliogopa jogoo. Mimi Yoeli hanipigii. Namwelewa.

Leo kanisani waliniita mbele, kulikuwa na familia mpya toka kambini. Nikasimama, nikasema, "Sikusikia sauti. Alisikika mtu, anaitwa Ntaboba, nasi tulimcheka." Pasta akasema labda nimechoka na kazi, akaomba kwaya iimbe. Furaha aliniambia ndani ya gari kwamba ile siku tumbo halikumuuma, na kwamba alikuwa amengoja miaka yote nilitaje.

Nisalimie Mama, lakini usimsomee barua hii. Wasalimie watoto wako wawili walio hapo, yule anayejifunza kwa fundi na yule wa shule. Msalimie mama mkubwa anayeuza samaki, na shemeji yako mwalimu, kaka wa marehemu. Huyo mwambie au usimwambie, ni haki yako, si yangu tena. Grasi anasema "hi", Furaha anasema atakupigia mwenyewe.

Kama hutaniamini, na una sababu, muulize Mama neno moja tu mkiwa mnachambua maharage: siku ile Ntaboba alirudisha ng'ombe saa ngapi? Atakaa kimya kwanza. Mwache akae. Halafu atakuambia saa saba mchana.

Ntaboba anangoja neno lako, na hana muda mrefu wa kungoja. Liwe lolote. Ukimwandikia, mwandikie yeye, usipitie kwangu.

Mdogo wako,
Samweli, ambaye hajawahi kusikia sauti yoyote